Talaka ya Jukwaani

Sehemu ya Saba

Wasomaji wangu, Jumapili iliyopita niliwaacheni chumbani kwangu Manfuha, kusini ya Riyadh, mgeni ameketi juu ya godoro langu na mimi nimesimama na kikombe cha chai mkononi. Aliyekosa gazeti asihangaike kwa jirani. Mgeni alikuwa Haidar bin Idi, katoka Jeddah asubuhi ile ile kwa ndege, na maneno yake yalikuwa haya:

"Jabir, nimekuja kukuomba talaka ya dada yangu."

Nikacheka. Mimi niliyeigiza miaka kumi na sita nisicheke? Mimi sijaoa. Sikuoa Unguja nilikozaliwa, sikuoa Mombasa, sikuoa Nairobi nilikopata jina. Na hapa Riyadh, mwaka huu wa sabini na saba, natunza stoo ya saruji na nalala chumba kimoja na Wafula, fundi umeme kutoka Bungoma, ambaye anakoroma.

"Dada yako yupi?" nikamwuliza.

"N'na dada mmoja tu. Nunu."

Chai ikanimwagikia mapajani, na ilikuwa ya moto.

"Haidar, yakhe, ule ulikuwa mchezo!"

"Mchezo," akasema. "Haya. Usiku wa mwisho wa mchezo wenu, kadhi alikuwa nani?"

"Kadhi siku zote alikuwa Sleyumu, yule seremala."

"Nimekuuliza usiku wa mwisho."

Nikajifuta chai mapajani. "Usiku wa mwisho Sleyumu alikuwa mgonjwa. Tukamchukua Mwalimu Nasibu wa chuo cha Kurani."

"Mwalimu wa kweli?"

"Wa kweli."

"Na baba wa bibi harusi alikuwa nani?"

"Baba yako."

"Baba yake wa kweli?"

Nikakiweka kikombe chini. Nyinyi pia mmeshaanza kuliona jambo lilivyokaa.

Mwaka sitini na tatu, mwezi wa Disemba, kundi letu lilicheza mchezo wa kuchekesha juu ya harusi, ukumbini Unguja, kwa mikesha sita. Mimi nilikuwa bwana harusi. Nunu, msichana wa miaka kumi na tisa, alikuwa bibi harusi, na wanawake wa mtaani walisema yao. Mzee Idi, baba yake, alikubali binti yake aigize kwa sharti moja: "Hata kwa mchezo, mwanangu haozeshwi na mtu mwengine." Akapanda jukwaani mwenyewe akacheza baba.

Basi usiku ule wa mwisho Mwalimu Nasibu alisoma hotuba ya ndoa yote, hakuruka neno. Akenda nyuma ya pazia akamwuliza Nunu kama ameridhika, Nunu akasema ameridhika. Mzee Idi akanishika mkono akanioza. Nikakubali kwa sauti ya kufika viti vya nyuma. Mashahidi walikuwa wawili jukwaani, na chini watu mia nne wanashangilia na kutupa maua ya asumini.

Mwezi uliofuata nchi ikapinduka. Mimi nilikuwa Mombasa na kundi. Akina Nunu wakaondoka na walichokibeba mkononi, wakatangatanga, mpaka wakatua Jeddah.

"Ndoa haina mzaha," akasema Haidar. "Hata aliyefanya mchezo imemkamata. Mtoto wa chuoni anajua hilo."

"Na mmekumbuka leo? Baada ya miaka kumi na minne?"

"Wallahi sisi tulisahau. Kuna mposaji. Mhandisi Badi, mtu wa Lamu, yuko kwenye ujenzi wa bandari. Mtu mzima, kafiwa na mke, ana adabu zake. Nunu keshakataa watu saba, Jabir, na hasemi kwa nini. Huyu wa nane baba akasema basi, huyu hapana kukataa. Shehe Muhidini akaja kuuliza yale ya kawaida. Binti ana mume? Baba akasema hana. Mara tukasikia nyuma ya pazia: 'Ninaye.'"

Haidar akafuta jasho. Feni ilikuwa imeharibika tangu Alhamisi.

"Kasema Ninaye?"

"Kasema Ninaye. Akakutaja wewe kwa jina lako na la baba yako."

Akatoa karatasi mfukoni, imeshaandikwa kila kitu, imebaki sahihi yangu. Nunu binti Idi ameachwa talaka moja. Akanipa na kalamu yake, kalamu nzuri ya Kijapani.

Nikaisoma mara mbili. Hebu fikirieni. Mtu unaishi miaka thelathini na minane huna wa kukuuliza umekula nini, kisha saa tisa mchana unaambiwa unaye mke, na saa tisa na robo unatakiwa umwache.

"Sitii sahihi," nikasema.

Haidar akasimama. "Unataka nini wewe? Unataka kumfunga dada yangu asiolewe?"

"Nataka nilitamke mwenyewe, mbele ya baba yako. Neno kama hilo sipeleki kwa karatasi."

Maneno makubwa, mnaona. Yaliniponyoka mazuri kama yameandikwa na mtu. Ukweli ni kuwa nilitaka kukaa chumba kimoja na Nunu, hata kama kuna pazia katikati.

Wafula alikuwa kalala kitandani mwake uso ukutani, akijifanya kalala kweli. Akageuka.

"Bwana Shoto," akasema, "yaani wewe uko na wife na hukujua? Hiyo ni serious, bwana. Kwetu hata ng'ombe wakipotea tunajua ni wangapi."

Bwana Shoto si jina langu. Ni la yule mume wa redioni, Nairobi, aliyekuwa akimwacha mkewe Bi Tatu kila Jumatano na kumrudia kwa magoti kila Jumatano inayofuata. Miaka minane nilikuwa Bwana Shoto, redioni na kisha kwenye televisheni. Wafula anajua jina langu la Jabir. Analiona kwenye ikama yangu, kile kibali cha ukaazi, kila siku, lakini halijapata kumtoka mdomoni.

Kutoka Riyadh kwenda Jeddah mfanyakazi anahitaji barua ya kafili, tajiri anayemdhamini. Asubuhi nikaenda kwa wangu, Abu Fahad, nikamkuta anakunywa kahawa kati ya makatoni ya viyoyozi.

"Sababu ya safari?"

"Kumwacha mke, bosi."

Akaichukua ikama yangu akaishika mbali na macho. "Hapa umeandikwa huna mke."

"Nimejua jana."

Abu Fahad alicheka mpaka kahawa ikamwingia puani. "Mimi ninao watatu," akasema, "na wote nawajua!" Akagonga mhuri. "Siku tatu. Ukizidi, mafi kazi, hakuna kazi. Yalla."

Niliwahi kumwambia kwamba kwetu nilikuwa mtu wa sinema. Akaniuliza sinema ina faida gani, kisha akanituma nikahesabu mifuko. Hana ubaya wowote. Hapa hakuna majumba ya sinema, na mtu aliyekuwa nyota mahali pengine ni mtu mwenye mikono miwili kama wengine. Mwaka wa kwanza jambo hilo lilinipumzisha. Mwaka wa pili nilianza kujisemesha peke yangu stooni.

Uwanja wa ndege, mimi na Haidar tumekaa kusubiri, wakapita wazee watatu wa Malindi waliokuja kwa jamaa zao Riyadh, sasa wanakwenda umra. Nilikuwa namwambia Haidar jambo. Mmoja akasimama kama kapigwa shoti.

"Sauti hiyo! Bwana Shoto!"

Wakanizunguka. "Hebu mwache Bi Tatu! Mara moja tu, bwana!"

Nikasimama. Sikujiuliza hata kidogo. Nikalitazama sanduku la mzee mmoja, nikalinyooshea kidole, nikaliambia: "Bi Tatu, nimekuacha, nimekuacha, na chungu chako kiteremshe!" Wale wazee wakacheka wakashikana mabega, watu wa usafi wakageuka kutazama. Kisha ndege yao, iliyotangulia yetu, ikaitwa, wakachukua masanduku yao wakaenda.

Hakuna aliyeniuliza naitwa nani. Hakuna aliyeniuliza nakaa wapi, kama ni mzima, kama mamangu yu hai. Nilibaki nimesimama, mkono bado umenyooka. Uchungu ulinijaa kifuani, nasema kweli, wala hauna jina la Kiswahili wala la Kiarabu.

"Hivi ndivyo ulivyokuwa ukiishi?" Haidar akaniuliza.

"Hivi ndivyo."

"Pole," akasema, na nilimwona amesikitika kweli. 

Jeddah kuna joto la maji. Baada ya ukavu wa Riyadh, shati lilinigandia mgongoni kabla hatujafika Bab Makka. Nyumba yao ilikuwa Hindawiya, ghorofa ya pili, viatu vimepangwa mlangoni. Kila kitu ndani kilikuwa kipya, friji, televisheni, zulia, isipokuwa Mzee Idi. Alikuwa kakaa juu ya mto, macho yameingia ukungu.

"Shikamoo baba."

"Marhaba." Akanyoosha mkono, akanishika uso, akapita na vidole mashavuni. "Umekonda, mwanangu. Lakini sauti ndiyo hiyo hiyo. Tulikuwa tukikupata, unajua, redio ikikubali. Kila Jumatano. Nunu ndiye aliyekuwa akiitafuta stesheni."

Nikauangalia ukuta. Upande wa kulia kulikuwa na mlango wenye pazia la kijani, na chini ya pazia niliona ncha za vidole vya miguu, vimetiwa hina. Nikahamisha macho haraka. Jasho likanitoka upya.

Mnaniuliza kwa nini sikuja miaka yote ile. Nimejiuliza zaidi yenu. Mwaka sitini na sita nilishajua wako Jeddah. Nikasema nitakwenda nikipata jina, nisiende mtu ovyo ovyo. Jina likaja, nikawa sina nafasi, kila wiki kipindi, kila mwezi ziara. Nikaigiza na filamu moja, nikauawa dakika ya ishirini, watu Mombasa wakalia. Kisha kipindi kikafutwa, na mwezi mmoja baadaye watu waliokuwa wakinisukumia bilauri za sharubati wakawa wanapita upande wa pili wa barabara. Nikaja Riyadh. Saa moja na nusu kwa ndege kutoka Jeddah! Nikakaa miaka miwili, kwa sababu mtunza stoo ataingiaje mlango ambao hakuuingia akiwa nyota?

Shehe Muhidini alikuwa mtu mfupi, mpole, saa yake kubwa inang'aa. Akatuketisha. Haidar shahidi, mpangaji wa chini, mzee wa Kihadhrami, shahidi wa pili.

"Kabla hujatamka," shehe akaniambia, "nakuuliza jambo moja, kwa sababu mwanamke mwenyewe ametaka uulizwe. Usiku ule ulijua unafanya nini? Au ulikuwa mchezo tu kwako?"

Pazia halikutikisika.

Sasa, wasomaji, nina la kukuambieni, na mkitaka kulitupa gazeti litupeni. Kwa wiki sita nimekuwa nikikuambieni nilicheka usiku ule kama wengine. Nilipokuambieni Sleyumu aliugua, nilikudanganyeni. Sleyumu alikuwa mzima wa afya. Mimi ndiye niliyemwendea mchana kwenye karakana yake, nikamsihi asije. Nikamwendea na Mwalimu Nasibu, nikamsihi aje. Nilikuwa nampenda Nunu na sikuwa na kitu cha kumposea, wala uso wa kumwendea Mzee Idi. Hukumu ya ndoa ya mzaha niliijua tangu chuoni. Nikaoa kwa hila, mbele ya watu mia nne, nikasema kesho nitamwambia. Kesho nikaona haya. Keshokutwa meli ikanichukua Mombasa.

Hilo ndilo lililokuwa jawabu la shehe. Lilikuwa kwenye ulimi. Ilibaki kulisema tu.

Nikamtazama Haidar, aliyeniambia pole uwanja wa ndege. Nikamtazama yule mzee aliyenishika uso. Nikamfikiria mhandisi mwenye adabu zake, na stoo yangu, na godoro langu.

"Ulikuwa mchezo tu, shehe," nikasema.

Nilisikia mtu akivuta pumzi, sijui ni yupi.

"Basi tamka."

Nikanyoosha mgongo. Mwili ukajipanga wenyewe, kifua mbele, kidevu juu, pumzi kutoka tumboni. "Nimemwacha Nunu binti Idi, talaka moja." Ilitoka safi, kila herufi mahali pake. Yule Mhadhrami akatikisa kichwa kwa kupendezwa.

"Halas," akasema shehe. "Na kwa kuwa hamjapata kukaa faragha, hana eda. Tangu dakika hii yu huru. Mwenye kutaka kumposa na ampose, hata saa hii."

"Alhamdulillahi," akasema Haidar. Akatazama saa. "Mhandisi yuko njiani. Alikuwa akingoja nipige simu tu, na nimeshampigia toka uwanjani."

Mimi nikainuka. Nilimbusu Mzee Idi mkono. Nikaelekea mlangoni nikatia mguu mmoja kwenye kiatu. Hivyo ndivyo nilivyozoea, mtu akimaliza maneno yake anatoka, asisimamesimame mbele ya watu.

"Baba."

Miaka kumi na minne sijaisikia sauti ile. Imeongezeka uzito kidogo. Nikabaki na kiatu kimoja.

"Naam, mwanangu," akasema Mzee Idi.

"Sauti aliyoniachia naijua. Ndiyo anayomwachia mkewe wa redioni. Na jambo jengine. Sleyumu hakuwa mgonjwa usiku ule. Magharibi nilimwona Forodhani, anakula mishkaki, na pilipili kaitia juu kwa juu. Nikajua kuna mtu kamwambia asije. Nikarudi nyumbani, nikatawadha, nikavaa, nikaja ukumbini. Mwalimu aliponiuliza nimeridhika, nilimjibu nikijua najibu nini."

Haidar akapiga hatua kuelekea kwenye pazia. "Nunu, yamekwisha hayo."

"Hayajesha. Watu saba nimewakataa namngoja mwenye hila yake aje aseme kwa mdomo wake. Leo kaja, kaulizwa, kasema uongo." Sauti haikupanda hata kidogo. "Baba, muulize huyu mtu. Ana haja nyengine hapa, au aende zake?"

Shehe Muhidini akaanza kuvua miwani, akaivaa tena. Mzee Idi akageuza uso kunitafuta, akaukosa mlango kwa shubiri moja, akawa anautazama ukuta.

"Jabir," akasema. "Una haja nyengine?"

Chini barabarani gari ikasimama. Mlango wake ukafungwa. Nikasikia hatua za mtu mzima anapanda ngazi taratibu, mtu asiye na haraka kwa kuwa ameshaambiwa mambo ni mazuri.

Nilitafuta kifua mbele na kidevu juu, sikuvipata. Nilikuwa na kiatu kimoja tu.

"Ninayo," nikasema.

Ilikuwa sauti kavu, ndogo. Mimi niliyekuwa nikifika viti vya nyuma bila kipaza sauti.

"Sikusikia," akasema Nunu.

Na Haidar alikuwa keshafungua mlango.